Koti la Benchi la Ufundi

Klabu haikuwahi kununua koti la pili.
Ni hili hili, jeusi, mistari ya njano mabegani,
NYUKI mgongoni,
KOCHA MKUU juu ya mfuko wa kushoto.
Limepita mikononi mwangu mara tisa,
hapa Kanyenye, nyuma ya duka la vitenge,
kwenye cherehani aliyoniachia mama.

Wa kwanza Mihayo, mwalimu wa hesabu,
mfupi, kifua cha mviringo kama mzinga.
Nilikata mikono inchi tatu,
vipande sikuvitupa.
Aliwapandisha daraja vijana wa Isevya na Ng'ambo,
wengine wakicheza na soksi za kuazima.
Msimu uliofuata, mechi ya sita, sare ya nne,
akaja na koti begani:
"Lifumue, Nyamizi. Anakuja mrefu."

Mrefu alishuka na treni ya usiku kutoka Kigoma,
Nshimirimana, Mrundi, na gunia la koni.
Mtangazaji wa redio aliishia kumwita Nshimi.
Vipande vyangu vikarudi mikononi,
rangi yao mbichi kidogo, isiyojua jua.
Mwezi wa tano koti likaanza kumning'inia.
Nikamuuliza, huli?
"Mimi ndiye ninayeliwa, mama.
Msimamo wa ligi una meno."
Mwaka ule tumbaku ilianguka bei,
wadhamini wakaanguka nayo,
akafundisha miezi minne kwa ugali wa majirani
kabla hawajamfungashia virago.

Aliyefuata hata jina silikumbuki.
Siku kumi na mbili.
Alifukuzwa pini zangu zingali kiunoni.

Kisha yule wa Dar, wa manukato na kompyuta,
aliyetaka mfuko wa ndani wenye zipu.
Sikatai, alijua mpira:
alinichorea mishale juu ya karatasi ya mchoro wa gauni
hadi nikaelewa kuotea, mimi niliyezoea kupiga kelele tu.
Timu kubwa ikampigia simu siku ya Alhamisi.
Koti lililetwa na bodaboda.
Ndani ya zipu nilikuta risiti:
asali, lita tatu, haijalipwa.

Magazeti huandika "benchi la ufundi".
Mimi sijawahi kulikalia,
lakini niambieni, fundi ni nani?

Na kati ya kila anayeondoka na anayekuja
kulikuwa na Kapera.
Kaimu. Wiki mbili, wiki tatu, mara moja miezi miwili.
Alipanga kikosi, alitukanwa na jukwaa,
alishinda, halafu akarudi kubeba chupa za maji.
Koti hakuwahi kulileta.
Alisimama mstarini na sweta ya kijivu
iliyofumwa na mkewe, kiwiko kimetoboka.
"Koti ni la mwenye mkataba," alisema.
Katika daftari langu la vipimo,
pembeni ya viuno na mabega ya wenzake,
nimemwandikia: mechi kumi na tisa, ameshinda kumi na moja.
Kiuno: —

Jumanne alikuja.
Mvi zimemshuka hadi masharubuni.
Katibu amesaini, akasema, na akanionyesha karatasi
akiishika pembeni, kama picha ambayo haijakauka.
Nikampima. Alisimama wima mno,
ikabidi nimwambie apumue.

Nilipofungua mshono wa ubavuni
nikakuta nyuzi za rangi nne, hakuna iliyofanana na nguo,
na matundu ya sindano mengi kiasi
kwamba kitambaa kilipitisha mwanga.
"Usikate," akasema. "Kunja tu, upige bandi.
Itakuwa rahisi kwako akija mwingine."

Nilisubiri avuke barabara.
Nikakata.
Nikapiga mshono mara mbili, uzi wa nailoni,
ule wa kushonea mabegi ya safari.

Jumamosi walifungwa mbili bila.
Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili.
Koti lilimkaa vizuri mabegani.